Nani kakupa? Kwa mnaokuja kuongoza wageni Uluru

Tangu mdogo wetu mmoja wa Arusha apate kazi ya udereva huku katikati ya Australia, simu yangu haitulii. Wanaopiga wengi ni wanafunzi walioko Adelaide na Melbourne, na wachache ni watu walioshaongoza watalii Serengeti au Tsavo. Swali lao ni moja: kazi ikoje? Nimeona niandike mara moja, yaishe. Mimi nimetokea Marangu. Nilianza kwa kupandisha watu mlimani, nikaja kuendesha gari la safari, na huku nina misimu minne. Nitasema zaidi yale niliyojikwaa nayo, maana mengine kampuni itawafundisha siku ya kwanza.

Kwetu mwongozaji mzuri ni yule asiyekosa jibu. Mgeni anauliza mti ule unaitwaje, unataja. Hujui? Unatoa jina linaloelekea kuwa kweli, jioni unafungua kitabu, kesho unarekebisha kijanja. Wote tumefanya, tusidanganyane. Na ukijua kunogesha, tipu inaongezeka. Sasa ujuzi huohuo ndio utakaokuponza huku.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu. Nilikuwa na wageni 11, tunalizunguka kwa miguu jabali lenyewe la Uluru, njia ya kilomita 10 na ushee. Mama mmoja Mjerumani akasimama mbele ya pango lenye mdomo mpana, akauliza: hapa palitokea nini? Nilikuwa nimesikia vipande vya hadithi kutoka kwa madereva wenzangu. Nikachukua kipande hiki, nikakiunga na kingine cha upande wa pili wa jabali, nikatia na chumvi. Wageni wakaguna kwa raha. Hatua chache nyuma yetu alikuwepo bibi mmoja mwenyeji aliyekuja na kundi jingine, yeye na mkalimani wake. Hakunikatiza. Alingoja mpaka tulipofika kwenye maji ya kunywa, akaja pole pole, akasema maneno mawili matatu kwa Kipitjantjatjara, lugha ya wenyeji wa hapa. Mkalimani akanigeukia: "Anauliza, nani kakupa?"

Nikatazama chupa ya maji mkononi mwangu, nikadhani anauliza hiyo. Nikamwambia nimenunua dukani.

"Hapana. Ile hadithi. Nani kakupa?"

Sikuwa na jibu. Bibi akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake kukaa kivulini. Hakunishtaki kwa mtu. Lakini swali hilo ndilo lililonifundisha kazi hii kuliko kozi zote, na ningependa uje nalo mfukoni tangu siku unayoshuka kwenye ndege.

Maana yake ni hii. Kwa Waanangu, wenye nchi hii ya Uluru na Kata Tjuta, hadithi ina mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Kuna mtu au ukoo wenye haki ya kuisimulia, kuna mahali pa kuisimulia, kuna wanaoruhusiwa kuisikia. Nyingine ni za wanawake peke yao na nyingine za wanaume peke yao. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana hapa. Mambo ya unyago hayasimuliwi barazani, na kungwi hawezi kumuuzia mtalii yale anayowafunda wari. Wewe mwenyewe una mambo ya kwenu ambayo hata ukilipwa dola mia huyatoi. Basi nao wanayo, tena mengi, na baadhi yamekaa kwenye mwamba ambao mgeni wako ameulekezea kamera.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo mbele ya pango, jiulize umepewa na nani. Zipo zilizotolewa kwa kila mtu, hizo simulia kwa raha zako. Mfano ni ile ya Kuniya, chatu wa kike, na Liru, nyoka wenye sumu. Kuniya alifika akitokea mashariki na mayai yake, akasikia kuwa mtoto wa ndugu yake ameuawa na Waliru. Akaenda mpaka Mutitjulu, penye dimbwi la maji chini ya jabali, akamkuta mmoja wao anamcheka, akampiga kwa wana, yaani mti wa kuchimbia ambao wanawake wa huku hutembea nao. Alama za mapigo yake zinaonekana kwenye ukuta wa mwamba, na ubao wa hifadhi uko palepale unaeleza. Hiyo ni halali yako kuisimulia, ila isimulie kama ilivyo, usiongeze vita wala mapenzi. Na kila usimuliapo sema: hivi ndivyo Waanangu walivyoruhusu tuisikie. Ipo pia ya Mala, wanyama wadogo jamii ya kangaruu, ambayo wahifadhi wenyewe huisimulia asubuhi kwenye matembezi yasiyolipiwa zaidi ya kiingilio. Ukiwa mgeni kazini, nenda kawasikilize hao wahifadhi mara nne, tano, kabla hujajaribu mwenyewe.

Kata Tjuta ni jambo jingine. Ni yale majabali 36 ya mviringo, kama kilomita 30 upande wa magharibi wa Uluru kwa ndege arukavyo. Huko kuna mambo ya wanaume, na hakuna hadithi utakayopewa wewe ya kuwapa wageni. Nimeona waongozaji wapya wanapata taabu sana na ukimya huu, wanajaza mwanya kwa kubuni. Usibuni. Una jiolojia, una mimea, una upepo wa bondeni. Na una jina lenyewe: kata ni kichwa, tjuta ni vingi. Vichwa vingi. Mgeni akikazana kuuliza, mimi husema hivi: "Hadithi ya hapa ipo, inaishi, na si yangu kuisema." Usiombe radhi unaposema. Miaka ya kwanza nilikuwa nainamisha sauti kama mtu aliyeishiwa bidhaa dukani, na wageni walihisi wamepunjwa. Siku nilipoanza kuisema kwa heshima, wengi walinyamaza wakatazama mwamba vizuri zaidi.

Neno jingine la kuchunga ni Tjukurpa. Vitabu vya zamani vya Wazungu vililigeuza kuwa "wakati wa ndoto", na wageni watakuja nalo hilo. Waanangu wenyewe wanalikataa, kwa sababu Tjukurpa haikuwahi kulala wala kuota. Ni asili ya nchi na viumbe, ni sheria ya nani amwoe nani na nani ale nini, ni ramani ya visima, yote katika neno moja. Nikiwaeleza Waswahili wenzangu huwa nasema ukichanganya mila, sheria na asili ukavikoroga pamoja unaikaribia. Kwa wageni waache walitumie neno lenyewe, ulimi hauvunjiki.

Historia ya hifadhi utaibeba wewe, maana wageni wengi wanafika hawaijui. Mzungu mmoja mpimaji, William Gosse, alilifikia jabali mwaka 1873 akalipa jina la mkubwa mmoja wa serikali ya Australia Kusini, Henry Ayers. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia Waanangu hati ya ardhi yao, nao wakaikodisha kwa serikali kama hifadhi ya taifa kwa miaka 99. Bodi ya hifadhi ina wajumbe 12, na 8 ni Waanangu. Mwaka 2017 bodi hiyo ikaamua kwamba kupanda jabali kukome, na kukakoma tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu hati irudi. Usiisome kama orodha mbele za watu. Iweke mahali pake: wakiwa wamesimama chini ya ule mstari mweupe uliochongwa na nyayo za wapandaji, hapo ndipo waeleze.

Bado watakuwepo watakaonung'unika kwamba wamechelewa. Waambie watu wasiopungua 37 walikufa kwa sababu ya upandaji huo, na kwamba mgeni akifa kwenye ardhi ya Waanangu, wao ndio wanaobeba msiba. Kwao mgeni yuko mikononi mwa mwenyeji. Na kwa utani kidogo unaweza kuwaambia wenyeji waliwaitaje wale wapandaji: minga, yaani sisimizi. Ukitazama picha za zamani, msururu mweusi ukipanda mgongo wa mwamba, utaona jina lilikaa.

Kuhusu kupanda mlima, nami nilipata changu. Msimu wa pili yule bibi alikwisha nizoea. Siku moja akaniuliza kama kwetu kuna mlima. Nikajibu kwa majivuno: upo, mkubwa kuliko yote Afrika, mita 5,895, nami nimeupanda mpaka nimepoteza hesabu. Mkalimani akamfikishia. Bibi akauliza: "Na wenyewe wanasemaje?" Nikaanza kueleza habari za hifadhi, vibali, malango, ada. Mkalimani akanikata: "Haulizi serikali. Wenyewe." Usiku nikampigia mjomba wangu Marangu nimuulize, maana utotoni nilikuwa namsikia babu akisema mtu aombe akiwa ameelekea Kibo. Mjomba akacheka sana. "Leo ndiyo unauliza?" akasema. "Na mizigo ya Wazungu umeshabeba mpaka mabega yameota sugu?"

Tuendelee. Usiwachanganye watu. Wazungu walipoanza kuhamia mwaka 1788 bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na mpaka leo mtu wa Mparntwe, mji unaoitwa Alice Springs, ni Mwarrernte na si Mwanangu, japo ni kilomita kama 450 tu kwa barabara. Neno Anangu lenyewe maana yake ni watu, kama Bantu letu. Waite kwa jina lao. Wageni wako watauliza ile tarumbeta ndefu ya mti iko wapi, kwa sababu wameiona kwenye kila tangazo la utalii. Hiyo ni ya kaskazini, Arnhem Land, ambako Wayolngu huiita yidaki. Ukiipuliza hapa Uluru ili kunogesha jioni ni sawa na kumpeleka mtalii Kilwa ukamchezeshea ngoma ya Kimasai kwa madai kuwa ndiyo ya wenyeji.

Nimeitaja Kilwa nikakumbuka. Wapo Watanzania wenzetu huku wanaopenda kuwaambia wageni kwamba Waswahili ndio waligundua Australia. Chanzo chake ni kitu cha kweli: mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga aliokota sarafu mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, na miaka mingi baadaye zilipochunguzwa 5 zikaonekana ni za shaba za masultani wa Kilwa, nyingine 4 za Waholanzi. Nami nilisisimka niliposikia. Lakini jinsi zilivyofika pale hakuna aliyethibitisha, na pale ni nchi ya Wayolngu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Uluru. Isimulie garini kama ajabu la njiani, uishie hapo.

Mambo ya adabu sitayamaliza, nitachagua machache. Mzee akiulizwa swali akanyamaza, usijibu kwa niaba yake na usirudie swali kwa sauti kubwa. Anafikiri, au anatafuta njia ya kutokujibu, na yote mawili ni haki yake. Hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Usimkazie macho. Palya ni salamu, na ni "sawa", na ni "vyema". Wiya ni hapana, na likisemwa mara moja limekwisha.

Kupanga viti garini ni elimu kamili. Asubuhi moja nilikuwa nichukue wazee wawili kwenda mahali pamoja. Mmoja akapanda, mwingine akasimama nje, uso kaugeuzia porini. Nikamkaribisha mara mbili. Mwenzangu akanivuta shati: yule aliyepanda ni mama mkwe wake. Kwa desturi yao mtu na mama mkwe hawakai pamoja, hawasemezani, hawatazamani. Sisi wenye kujua haya ya mkwe tunapaswa kuelewa upesi kuliko Wazungu, na bado sikuelewa. Tangu siku hiyo huuliza kwanza nani ataanza kupanda na nani tumrudie. Gari lilifanya safari mbili, mafuta ya kampuni yakaenda, bosi akanuna, basi.

Kuna siku utafika na wageni waliolipia ziara, uambiwe leo haipo. Pana msiba. Msiba wa huku unafunga kijiji, na unaweza kuchukua siku nyingi. Jina la marehemu halitajwi, na hata aliye hai mwenye jina kama hilo huitwa kwa jina jingine la muda, Kunmanara. Picha zake huondolewa au kufunikwa. Usiwaambie wageni kuna hitilafu ya ratiba. Waambie ukweli, familia iko msibani, na rudisha fedha au wapeleke kwingine. Sijapata mgeni aliyegomba baada ya kuambiwa hivyo. Waliogomba ni waliodanganywa.

Upande wa picha: kwenye njia ya kuzunguka jabali kuna sehemu zenye vibao vya kuzuia kamera, hasa upande wa kaskazini mashariki. Simu ni kamera. Droni usiitoe hata kwenye begi. Na watu usiwapige picha bila kuomba, jambo ambalo ningetamani tungelishika na sisi kule kwenye maboma ya Wamasai.

Kwenye michoro wageni hutoa fedha nyingi, na hapo ndipo wanapotapeliwa. Muulize muuzaji aliyechora ni nani na anatoka wapi. Akikosa jibu, wapeleke wageni pengine. Mwaka 2019 mahakama ilitoza kampuni moja, Birubi Art, faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza maelfu ya vitu vilivyochongwa Indonesia kana kwamba ni vya wenyeji wa hapa. Pale Yulara, mji wa mahoteli nje ya hifadhi, kuna Maruku, kampuni ya sanaa ambayo ni mali ya Waanangu, na wachoraji huketi na wageni kuwaelekeza. Nimekaa nao mara nyingi. Mchoraji huanza kwenye mchanga, si kwenye turubai. Analainisha mchanga kwa kiganja, anabonyeza vidole kunatokea alama kama pete iliyokatwa upande mmoja: huyo ni mtu amekaa, ile alama ni ya makalio na miguu yake. Akiweka kando yake mstari wa mti wa kuchimbia na umbo la bakuli, basi mtu huyo ni mwanamke. Miduara ndani ya miduara ni kisima au kambi. Ndani ya dakika mbili una wanawake watatu wamekaa kisimani. Halafu anafuta yote kwa kiganja. Kila mara kuna mgeni anayepiga kelele, "Ngoja, sijapiga picha!" Naye anatabasamu tu, anaendelea kwenye kingine.

Sasa ya kuajiriwa. Wanafunzi, kumbukeni wakati wa masomo hamruhusiwi kuzidi saa 48 za kazi kwa wiki mbili, lakini likizo mko huru, na likizo ya Juni na Julai ndiyo wageni wanajaa huku. Ni baridi ya kuganda usiku, mje na koti la kweli. Leseni yetu haitoshi kubeba abiria; anzeni mapema kuibadilisha na kuomba idhini ya abiria, na chukueni cheti cha huduma ya kwanza. Ipo pia kozi fupi ya elimu ya hifadhi ambayo kila mwongozaji lazima aifaulu. Isomeni kwa moyo. Kuendesha ni kushoto kama kwetu, hiyo ni nafuu. Si nafuu jioni, kangaruu na ngamia wa porini wanapovuka barabara. Ngamia, ndiyo: waliletwa karne ya 19 na wachungaji wao kubeba mizigo jangwani, magari yalipokuja wakaachwa, wakazaana. Tipu sahauni, si desturi ya huku. Mshahara ndio mshahara.

Joto la Desemba na Januari ni la kuogopa. Kila mgeni na lita moja ya maji kwa kila saa ya kutembea, na kwenye Bonde la Upepo kule Kata Tjuta njia hufungwa saa 5 asubuhi siku ikitabiriwa kufika nyuzi 36. Nzi watawaingia puani. Kofia yenye wavu inachekesha mpaka utakapoivaa. Na njiani kabla hamjafika, mlima wenye kichwa bapa utatokea kushoto na gari zima litapiga mayowe "Uluru!" Ni Mlima Conner. Waache wapige picha kwanza, ndipo uwaambie.

La mwisho ni mawe. Ofisi ya hifadhi hupokea vifurushi kutoka duniani kote, mawe na mchanga uliochukuliwa na wageni, pamoja na barua za kuomba radhi. Wengine hurudisha baada ya miaka. Kwa hiyo mwisho wa ziara nawaambia wageni wakung'ute viatu na wapekue mifuko, na mimi nakung'uta vyangu mbele yao. Hata hivyo udongo ule mwekundu una hila. Mwaka jana nilikwenda likizo nyumbani, mama akaichukua suruali yangu ya kazi akailoweka kwenye beseni uani. Maji yakatoka mekundu kama ya mkwaju. "Huu udongo umeutoa wapi?" akauliza, na kabla sijafungua mdomo alishayamwaga kwenye migomba.